Bunia: Ruta ya bei nafuu isinunuliwe kwa kuhesabu antena

Bunia – Kwenye maduka ya Boulevard Libération na ndani ya soko kuu, ruta za Wi-Fi za nyumbani zimepangwa siku hizi pembeni ya redio, taa za sola na chaja za simu. Nyingi zimepitia Uganda, kwa njia ya Mahagi au Aru, na muuzaji anajua namna ya kuzisifu: hii ina antena mbili, hii ina nne, hii imeandikwa 300 Mbps. Baba wa familia anatazama antena, anatazama pesa alizo nazo, anachukua ile ya nne. Siku chache baadaye mega zimeisha, umeme umekatika, na ruta imebaki pambo juu ya televisheni.

Wengi wanalaumu kompanyi za simu, na mara nyingine wana haki. Lakini sehemu kubwa ya hasara hii inaanzia dukani, kwa sababu mnunuzi analipia kitu ambacho hakihitaji na kusahau vile viwili ambavyo vitamsumbua kila siku: umeme na mega.

Ile 300 iliyoandikwa kwenye boksi ni mwendo kati ya ruta na simu, ndani ya nyumba. Haihusu kabisa mwendo unaotoka kwenye mnara wa Airtel, Vodacom au Orange mpaka nyumbani. Ruta haitengenezi mtandao, inagawa tu ule uliofika. Kama Mudzipela saa mbili ya usiku laini fulani inasuasua kwenye simu, itasuasua vilevile kwenye ruta, hata ikiwa na antena nane.

Ndiyo maana kazi ya kwanza inafanyika nyumbani, jioni, wakati watu wote wako kwenye mtandao. Inatosha simu moja ya 4G na kadi za kompanyi mbili au tatu, hata za kuazima kwa majirani. Laini inayofungua video bila kusimama saa hiyo ndiyo ya kuwekwa ndani ya ruta. Jirani wa Nyakasanza anaweza kusifu kompanyi moja na ndugu yake wa Lumumba akailaani, na wote wawili wakasema kweli, maana kila mmoja ana mnara wake, kilima chake na msongamano wake.

Kuna pia swali ambalo wanunuzi wanaona haya kuuliza: ruta hii inapokea kadi za kompanyi zote? Zile zinazouzwa kwa bei ya chini na kompanyi za simu mara nyingi zimefungwa kwa laini moja. Nyingine zilitengenezwa kwa ajili ya nchi za mbali na hazisomi masafa yote ya 4G yanayotumika hapa. Muuzaji akiambiwa kadi iingizwe palepale, simu iunganishwe na ukurasa ufunguke kabla ya kulipa, asikasirike. Akikasirika, duka la pili haliko mbali.

Kuhusu masafa ya Wi-Fi yenyewe, hakuna haja ya kuumiza kichwa. Ruta zenye 5 GHz ni za haraka zaidi, lakini mawimbi hayo yanachoka upesi kwenye kuta za matofali. Yale ya 2.4 GHz yanafika mbali, na kwa nyumba ya vyumba vitatu au vinne yanatosha. Iwekwe juu, karibu na dirisha linaloelekea mnara, mbali na kabati la chuma, maana mabati ya nyumba peke yake yanazuia mawimbi ya kutosha.

Umeme ni habari nyingine. Nyumba inayopata umeme wa Budana inajua unavyokuja na kuondoka. Isiyoupata inategemea jenereta, ile watu wanaita grupu, au sola. Hapa kuna habari njema ambayo wauzaji hawaisemi, labda kwa sababu haiwaingizii kitu: ruta ndogo inakula umeme mdogo sana, kwa kawaida kati ya wati 5 na 10. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, kama ile iliyo ndani ya UPS za ofisi, ina wati-saa 84. Ikitumiwa nusu tu ili isiharibike upesi, inalisha ruta ya wati 6 kwa muda wa saa saba hivi. Huo ni usiku mzima wa mwanafunzi wa UNIBU au wa Shalom anayemaliza kazi yake ya mwisho wa masomo.

Lakini mtu asiunganishe waya bila kusoma. Chini ya kila ruta kumeandikwa volti inayotaka, na si zote zinataka 12. Kuna za 9, kuna za 5. Halafu betri ya volti 12 inayochajiwa na sola inaweza kupanda mpaka volti 14 na zaidi, jambo ambalo ruta nyingine zinavumilia na nyingine zinaungua. Kifaa kidogo cha kusawazisha volti kinaokoa pesa. Anayeogopa waya achukue ile ruta ndogo yenye betri yake ndani, inayochajiwa kama simu. Nguvu zake ni chache, lakini inafanya kazi giza likiingia. Na mvua za Ituri zinapokuja na radi, ruta ichomolewe ukutani bila kungoja ngurumo ya pili. Mashariki ya Kongo ni moja ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi mara nyingi zaidi.

Tufani kubwa zaidi, hata hivyo, iko ndani ya simu zenyewe. Simu ya kisasa ikiona Wi-Fi inafikiri mtandao huo hauna mwisho, kama wa Ulaya ambako familia inalipa kwa mwezi na kutumia inavyotaka. Basi inaanza kufanya yale yote iliyokuwa inayaahirisha: kusasisha programu, kupandisha picha za harusi ya mwaka jana, kupakua mfumo mpya. Nyuma ya ruta hiyo kuna forfe ya mega za kuhesabu. Nyumba yenye simu tano inaweza kupoteza giga kadhaa usiku mmoja, watu wote wakiwa wamelala. Asubuhi wanaanza kushutumiana, na mara nyingi mtoto wa TikTok anabeba lawama yote peke yake.

Hana usafi, huyo mtoto. Video ya ubora wa juu inaweza kula giga 3 kwa saa moja. Lakini hata yeye akifungiwa, simu za wazazi zitaendelea kula gizani kama hakuna aliyezirekebisha. Ndani ya mipangilio ya Wi-Fi ya Android kuna mahali pa kuiambia simu kwamba mtandao huu unapimwa. Dakika moja kwa kila simu, na masasisho yanasimama mpaka mwenye simu aruhusu. Ubora wa video nao ushushwe. Hatua hizi mbili hazina bei, na zinaokoa pesa kuliko ruta yoyote ya antena nne.

Kwa hiyo familia ya watu wawili ina haki ya kujiuliza kama inahitaji ruta. Simu moja inayogawa mtandao kwa nyingine inatosha, ingawa betri yake inachoka na inapata joto. Ruta inapata maana pale kuna watu wanne na zaidi, pale kuna wanafunzi, au pale kuna biashara ndogo inayopokea maagizo kwa WhatsApp mchana kutwa.

Au pale kuna majirani. Katika mitaa mingi ya Bunia jambo hili linafanyika bila jina: nyumba moja ina ruta, tatu au nne zinachangia forfe, na neno la siri linazunguka. Ni wazo zuri, na bei ya mega inalilazimisha. Wakati barabara ya Mahagi au ya Komanda inaponuka hatari, ujumbe unaopita kwa WhatsApp unaweza kuamua kama mtu anasafiri au anabaki, na watu walio na ndugu kwenye kambi za wahamishwa wa vita wanajua uzito wa ujumbe uliochelewa.

Lakini kadi iliyo ndani ya ruta imeandikishwa kwa jina la mtu mmoja. Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi na mahakama za kijeshi zikapewa kesi za raia. Katika hali kama hii, kuacha neno la siri litembee mpaka kwa watu wasiojulikana si ukarimu. Mwenye ruta abadilishe lile neno lililobandikwa chini ya kifaa, abadilishe pia lile la kuingia kwenye mipangilio, ambalo kwa ruta nyingi bado ni «admin», achague ulinzi wa WPA2 au WPA3, na aangalie mara kwa mara orodha ya simu zilizounganishwa. Ruta nyingi zina pia mtandao wa wageni, na majirani wawekwe huko. Forfe ya kikundi iwe na daftari, kama likelemba.

Wengine wanasema wangoje Starlink. Machi 2024 ARPTC, mamlaka inayosimamia simu na intaneti, ilionya kwamba vifaa vyake haviruhusiwi, na Mei 2025 ikaipa kompanyi hiyo leseni. Ni njia nzuri kwa shule au kituo cha afya. Kwa nyumba ya kawaida, sahani yake ya kawaida inakula wati 50 hadi 100, na betri ile ya saa saba itazimika ndani ya saa moja.

Kinachowezekana leo kiko mikononi mwa wauzaji. Watu wa Bunia hawajasahau kodi ya RAM iliyokuwa inakatwa kwenye salio la simu zao mpaka ilipofutwa mwaka 2022, na hawana hamu tena ya kulipia kisichoonekana. Kwenye fakture ya ruta kuandikwe mambo matatu: kama imefungwa au inapokea kadi zote, volti inayotaka, na siku ambazo mnunuzi anaweza kuirudisha ikikataa kushika mtandao mtaani kwake. Duka moja likianza, mengine ya Boulevard yatalazimika kufuata.