Miaka mitano ya uzoefu, kijana wetu ataipata wapi?

Kuna sentensi moja ambayo nimeisoma katika matangazo ya kazi ya Bujumbura, Dar es Salaam na Nairobi mpaka nimeikariri: mwombaji awe na uzoefu wa miaka isiyopungua mitano. Kwa kazi ya mkurugenzi sina ugomvi nayo. Lakini siku hizi inawekwa hata kwenye nafasi za kuanzia za usalama wa mitandao, yaani kazi ya kulinda kompyuta, simu na fedha za watu zisiingiliwe na wezi. Kama kila mlango unadai miaka mitano, hiyo miaka mitano ya kwanza kijana wetu ataipata wapi?

Najua msomaji wangu wa Mugina au Kobero, ambaye akili yake iko kwenye magunia ya dagaa na madumu ya mawese, atasema haya ni mambo ya wasomi wa mjini. Hasha! Biashara yetu ya mpakani imekwisha kuhamia ndani ya simu. Mama anayefuata mchele Manyovu hafungi tena burungutu la noti kiunoni. Anatuma fedha kwa wakala, naye wakala anamlipa mwenye mzigo. Wezi nao wamehamia huko huko. Nani kati yetu hajapata ule ujumbe unaomwambia kwamba ile hela aitume kwenye namba hii? Nani hamjui wakala aliyeoneshwa ujumbe wa malipo wa kughushi, akakabidhi fedha taslimu, kisha akaangalia salio lake na kukuta hakuna kilichoingia? Wengine wameibiwa laini yenyewe: mwizi anakwenda na kitambulisho cha uongo, anasajili upya namba ya mtu, na kabla mwenyewe hajamaliza kushangaa kwa nini simu yake haina mtandao, akaunti imekwisha kukombwa.

Hayo ni ya wanyonge. Wakubwa nao hawajasalimika. Oktoba 2020 huko Uganda wezi waliingia katika mitambo ya kampuni iliyokuwa ikiunganisha benki na mitandao ya simu, na huduma ya kuhamisha fedha kati ya benki na simu ikasimama kwa baadhi ya makampuni makubwa. Julai 2023 Kenya ilishambuliwa tovuti yake ya eCitizen, ambayo wananchi huitumia kuomba pasipoti, leseni na vibali. Na mwaka 2016 Benki Kuu ya Bangladesh iliibiwa dola milioni 81 kwa maagizo ya malipo yaliyotumwa kupitia kompyuta. Polisi waliochunguza walisema mtandao wa benki hiyo haukuwa na ukuta wa kuzuia wavamizi, na kwamba ulikuwa umeunganishwa kwa vifaa vya mitumba vya dola 10. Benki Kuu ya nchi nzima! Kazi ya kukagua vifaa kama hivyo na kusema havifai haihitaji mtu mwenye mvi. Inahitaji kijana anayejua anachokitazama, na mkubwa anayekubali kumsikiliza.

Kwa hiyo haja ipo. ISC2, shirika la kimataifa la wataalamu wa fani hii, lilitangaza mwaka 2024 kwamba dunia inapungukiwa wataalamu wapatao milioni 4.8. Vijana wetu wanaisoma takwimu hiyo na kudhani wanasubiriwa kwa matarumbeta. Lakini ripoti hiyo hiyo ilieleza kwamba idadi ya walioajiriwa, kiasi cha milioni 5.5, karibu haikuongezeka kabisa mwaka ule, na kwamba sababu kubwa ya upungufu ilikuwa bajeti. Maana yake, wanaohitajika ni wengi, wanaolipiwa mshahara ni wachache. Tusisahau pia kwamba anayetangaza upungufu ndiye huyo huyo anayeuza mitihani ya vyeti. Muuza miavuli hakosi kutabiri mvua.

Ninaye mwanafunzi wangu wa zamani, sitamtaja. Alizaliwa kambini Kigoma, akarudi na wazazi wake akiwa mdogo, nikamfundisha hisabati na Kiswahili hapa Makamba. Ana shahada ya kompyuta. Nyumbani kwa mama yake ameunganisha kompyuta tatu kuukuu, moja anaishambulia, nyingine anailinda, ya tatu inaandika kila kilichopita. Anatumia programu za bure ambazo wataalamu wa Ulaya na Marekani nao wanazitumia, kama Kali Linux na Wireshark. Amepeleka maombi zaidi ya ishirini. Taasisi moja ya fedha ilimjibu kwamba elimu yake ni nzuri ila haioni mahali alipowahi kufanya kazi. Nyingine ilimchukua kwa mafunzo ya miezi sita bila malipo, akawa mtu wa kubadilisha wino wa printa na kubeba chai, kisha akaagwa.

Leo anatengeneza simu sokoni. Basi sikiliza ajabu yake: wafanyabiashara waliotapeliwa wanakwenda kwake kwanza, kabla ya polisi na kabla ya kampuni ya simu. Anaona utapeli mpya unapoingia wilayani, anajua ujumbe wa kughushi unatofautianaje na wa kweli, anamwonesha wakala jinsi ya kuangalia salio kabla ya kutoa fedha. Kazi anaifanya kila siku. Mshahara ndio haupo, wala barua ya kuthibitisha kwamba aliifanya. Tena amekwisha kufuatwa na watu waliomwahidi fedha nzuri awatungie ujumbe wa malipo ya uongo. Alikataa. Je, tuna uhakika wenzake wote watakataa, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu?

Wapo wanaouliza kwa nini kijana wa namna hii asioneshe ujuzi wake hadharani. Seremala akikosa kazi hutengeneza stuli, akaiweka barabarani, watu wakaiona. Fundi wa usalama wa mitandao hawezi. Tanzania ina sheria ya makosa ya mtandao tangu 2015, Kenya tangu 2018, na Burundi ilipata yake 2022. Kuingia katika mtambo wa mtu bila ruhusa ni kosa hata kama hukuchukua senti, hata kama nia yako ilikuwa kumwambia mwenyewe kwamba dirisha lake halifungi. Sipingi sheria hizo, mimi mwenyewe sitaki mtu aingie kwangu usiku kunionesha kwamba kitasa kimelegea. Lakini tuelewe matokeo yake: bila ruhusa ya mwajiri kijana hana pa kuonesha anachokijua, na mwajiri naye anasema hatatoa ruhusa mpaka aoneshwe. Yako makampuni ya nje yanayotoa ruhusa kwa maandishi na kulipa zawadi kwa anayegundua kasoro. Hilo ni jambo jema, ila huko anashindana na dunia nzima, akiwa na umeme wa kukatikakatika.

Kinachobaki ni vyeti. Cheti cha Security+, ambacho huhesabiwa kuwa cha kuanzia, mtihani wake unagharimu kiasi cha dola 400. Kile cha CISSP ni dola 749, na ukifaulu bado hupewi mpaka uwe na miaka mitano ya kazi. Nimeona tangazo la nafasi ya chini kabisa likidai hicho cha CISSP! Aliyeandika tangazo lile, bila shaka, alinakili mahali. Mwalimu wa Makamba hata akijinyima atahitaji mishahara ya miezi kadhaa kumlipia mwanawe mtihani mmoja.

Sisi tuliorejea kutoka Tanzania tunalijua somo hili kwa mwili. Nilisoma Ulyankulu, msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, nikarejea mwaka 2009. Karatasi zangu zilizungumza lugha moja, ofisi zikazungumza Kifaransa. Nilikaa na wahasibu, wauguzi na mafundi wa umeme waliokuwa wakilima kwa vibarua huku vyeti vyao vikisubiri mhuri. Mimi nilipata pa kushika kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimeanza kufundishwa shuleni na walimu walikuwa hawatoshi. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na soko la pamoja lilianza Julai 2010 likiwa na kifungu cha nchi kutambuliana vyeti na ujuzi. Taaluma kadhaa zimefikiana mikataba ya kutambuana, wakiwemo wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Kijana wa kompyuta hana wake. Akivuka Manyovu kutafuta kazi anaanza upya, kama tulivyoanza sisi tulipovuka kurudi.

Waajiri nimewauliza, na jibu lao si la kipuuzi. Wanasema: huyu unayetaka tumkabidhi ufunguo wa sanduku la fedha, tunamjuaje? Akijifunza mitambo yetu kisha akatuibia? Hofu hiyo naielewa. Ila miaka mitano haimfanyi mtu kuwa mwaminifu. Anayefanya kazi ndani kwa miaka kumi ndiye anayejua sanduku liko wapi na mlinzi analala saa ngapi.

Na hapa mpakani tuna utaratibu wetu wa kumpima mtu, mkongwe kuliko vyeti vyote nilivyovitaja. Hakuna mfanyabiashara wa Mugina aliyewahi kumdai kijana miaka mitano ya uzoefu wa kuuza dagaa. Anamtaka mdhamini, mjomba au shehe au mchungaji anayejulikana, kisha anampa gunia moja kwa mkopo. Fedha zikirudi anampa matatu. Baada ya msimu anamwachia duka. Je, benki zetu na vyama vya akiba na mikopo vinashindwa nini kufanya hivyo? Kompyuta isiyo na hesabu za mteja yeyote ndilo gunia la kwanza. Mwambieni kijana atafute kasoro zake kwa wiki mbili, kwa ruhusa iliyoandikwa na kusainiwa, kisha awaandikie kurasa tatu. Mtamjua kuliko mngemjua kwa cheti.

Vijana nao nina neno nao, maana hawapendi kulisikia. Wengi wanataka kuanza na udukuzi, kwa sababu ndio unaoonekana kwenye sinema. Hawataki kazi ya kusikiliza malalamiko ya wateja, kufunga nyaya, kuhifadhi nakala za kumbukumbu, kubadilisha maneno ya siri ya wafanyakazi waliosahau. Hiyo ndiyo kazi yenyewe kwa sehemu kubwa. Wala hawajifunzi kueleza. Nimemsikia mmoja akimweleza mama muuza kitenge juu ya ulinzi wa akaunti kwa maneno ambayo mimi mwalimu nilihitaji kamusi. Mama yule alitikisa kichwa kwa adabu, akaondoka na namba yake ya siri ikiwa bado imeandikwa nyuma ya simu. Mwenye kuandika ripoti fupi kwa Kifaransa au Kiingereza, na kuieleza kwa Kirundi na Kiswahili sokoni, amewapita wenzake kumi wenye programu nyingi.

Nawageukia sasa wafanyabiashara wenzetu, kwa sababu kusubiri benki ni kusubiri sana. Katika ofisi moja ya kutolea mizigo forodhani, neno la siri la kuingilia mtambo limeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, juu ya kalenda, mbele ya wateja. Simu ya wakala inashikwa na mke, shemeji na kijana wa dukani, wote wakijua namba moja. Mapengo haya hayahitaji mtaalamu kutoka Nairobi. Chama chenye mawakala thelathini, kila mmoja akitoa bei ya soda mbili kwa wiki, kinaweza kumlipa kijana mmoja posho ya kuanzia. Azungukie vibanda, aandike nani anashika simu ipi, abadilishe namba za siri, awafundishe watu kuangalia salio badala ya kuamini ujumbe, aweke daftari la kila utapeli uliotokea: tarehe, namba iliyotumika, kiasi kilichopotea, njia iliyotumika. Mwisho wa mwaka chama kimpe barua yenye mhuri inayotaja alichokifanya.

Daftari hilo lina faida nyingine. Kampuni za simu na polisi wa pande zote mbili za mpaka hulalamika kwamba wafanyabiashara huwaendea wakiwa na kilio tu, bila namba wala tarehe. Chama kitakachotaka kuanza kisingoje fedha za mradi. Kianze na vibanda vitano vilivyo karibu na geti, kwa mwezi mmoja, kijana akiwa na mdhamini wake na ruhusa yake mfukoni.