Tuliitapo Pori Lililo Mahame

Malenga wenzangu, nina shauri kuhusu neno tulilolizoea mno: pori. Kila tutungapo juu ya Serengeti, twaisifu nyika isiyopata kukanyagwa na mtu. Naona tunakosea, na kosa hilo halirekebishwi kwa vina.

Kiswahili kina neno jingine, mahame: mahali palipokaliwa na watu, kisha wakahama. Pori halimkumbuki mtu, mahame yanamkumbuka.

Tazama nchi ya Manchira na Mugumu, magharibi ya hifadhi. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, katika kitabu chake Imagining Serengeti cha mwaka 2007, aeleza jinsi wazee wa Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme wanavyoisimulia historia kwa kutaja mahali: kilima, chemchemi, makazi ya kale. Mwishoni mwa karne ya 19 njaa, maradhi, sotoka na uvamizi viliwahamisha wengi. Vichaka vikamea, mbung'o wakaenea. Wageni waliofika baadaye walikuta vichaka, wakadhani ndivyo ilivyokuwa tangu azali. Hifadhi ya Taifa ikatangazwa mwaka 1951. Mwaka 1994 yakafuata mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Neno pori likaingia hata katika sheria.

Wamaya wa kale wa K'axob, nchini Belize, waliwazika wazee wao chini ya sakafu, na nyumba mpya ikajengwa juu ya ile ya zamani. Anayechimba pale hukuta ukoo mzima, tabaka juu ya tabaka. Nyumba za miti na nyasi za Mara zimekwisha kuoza. Jina la mahali ndilo lililobeba kumbukumbu, nalo limo kinywani mwa mzee ambaye pengine hataruhusiwa kupakanyaga tena.

Sisemi hifadhi ivunjwe, wala ubeti haumrudishi mtu kwao. Lakini mshairi anayeandika pori anatia muhuri madai kwamba hapakuwa na mtu, na mjukuu wa Mwikoma ausomapo ubeti huo shuleni atayaamini.

Najua pori lina mizani mbili na mahame tatu. Mizani hiyo moja tuigharimie. Na tufikapo Manchira, kabla ya kutafuta kina, tuulize kwanza: kilima kile kinaitwaje, na nani alikaa pale?