Usimwulize msomaji kama ni mtu

Juzi nilisoma makala ya mwandishi mmoja kwenye tovuti yake. Nzuri kabisa, ila alisema Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka 1981. Ilitoka 1971. Nikaandika mstari mmoja wa kumsahihisha, nikabonyeza kutuma. Nikaambiwa nithibitishe kwamba mimi si roboti: chagua picha zote zenye bomba la zimamoto.

Bomba gani? Lile fupi linalosimama kando ya barabara za Marekani, ambalo mimi nalijua kutoka kwenye sinema. Nikachagua. Zikaja picha za mabasi ya shule ya rangi ya njano. Nikachagua. Zikaja za vivuko vya waenda kwa miguu, na hapo mtandao ukakata. Nikaacha. Kosa bado liko palepale.

Sasa msinielewe vibaya. Maoni taka ni kero, na nayajua, maana nina tovuti yangu. Kila asubuhi nakuta mganga aliyemrudisha mume wa mtu ndani ya saa 48, mkopo wa riba nafuu, na yule anayesifia "makala yako yenye manufaa" bila kutaja hata neno moja lililomo. Wala hawa hawamtafuti msomaji. Wanatafuta pa kuacha kiungo, kwa sababu mitambo ya kutafuta huhesabu viungo kama kura. Mwaka 2005 Google walileta alama ya kuiambia mitambo isivihesabu viungo vya namna hiyo, na waganga hawakupungua. Kutuma maoni elfu ni karibu bure, kwa nini waache?

Ninachokataa ni kumtwisha msomaji mzigo wa mwizi. Zamani angalau chemsha bongo hizi zilikuwa na faida: reCAPTCHA, ambayo Google waliinunua 2009, iliwafanya watu wachape maneno ya vitabu na magazeti ya kale ambayo kompyuta zilishindwa kuyasoma. Kwa kazi hiyo ningejitolea hata leo. Lakini kuhesabu mabasi ya watu, kwa bando langu?

Na wale wanaojisifu kwamba wameweka kichujio cha kujiendesha, nami nilikuwa mmoja wao. Vichujio vya aina hiyo hujifunza kwa kuhesabu maneno: haya ni ya taka, haya ni ya watu. Changu kilikuwa kimekulia kwenye Kiingereza. Baada ya miezi kadhaa nikafungua kapu la taka, na katikati ya mikopo nikakuta aya nne za Kiswahili safi. Msomaji alikuwa anabishana nami kuhusu vina, kwa hoja, na alikuwa sahihi. Mwishoni ameandika: nasubiri jibu. Waganga wenye Kiingereza chao kizuri walikuwa wamepita mlangoni. Nilimwandikia kuomba radhi. Hakujibu, na sijamwona tena.

Siku hizi nina kisanduku kimoja kwenye fomu ambacho mtu hakioni. Roboti, kwa kuwa hujaza kila kitu, inakijaza, na maoni yake hayafiki. (Kiandikeni "acha wazi", maana msomaji kipofu anayesomewa na kompyuta anaweza kukikuta.) Maoni yenye viungo zaidi ya kimoja yanasubiri. Anayeandika mara ya kwanza naye anasubiri, hadi nimsome mimi mwenyewe. Kinachobaki nakipitia kwa macho, dakika kumi, chai mkononi.

Mtasema hamna muda. Eti muda wa kuandika maneno elfu mbili kuhusu riwaya upo, wa kumsoma aliyeyamaliza yote haupo! Basi fungeni sehemu ya maoni kabisa, tujue mmoja.

Na wewe mwenye mabasi ya njano, ni 1971. Nimeandika hapa kwa kuwa kwako nimeshindwa kuingia.