Nyumba na Afya: Kitambaa cha Hedhi Hakina Budi Kuona Jua

Katika ua mmoja wa Buyenzi, mjini Bujumbura, familia kadhaa huanika nguo zao kwenye kamba moja. Huonekana hapo mashuka, kanga, mashati ya kazini na sare za shule. Nguo moja tu haionekani, ingawa imo katika karibu kila chumba: kitambaa cha hedhi. Hicho hukaushwa chini ya godoro, nyuma ya sanduku, au hata chooni. Binti aliyekifua amekifua vema kwa maji na sabuni, kisha kwa haya akakinyima jua. Jioni, kingali na unyevu, hukivaa tena.

Hapo ndipo ilipo hatari. Kitambaa chenyewe hakina ubaya. Kinachodhuru ni unyevu na giza, ambamo vijidudu husitawi. Uchunguzi uliofanywa hospitalini katika jimbo la Odisha, huko Uhindi, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba miongoni mwa wanawake wanaotumia vitambaa vya kufua, wale waliovikausha ndani ya nyumba au kuvificha chooni walipatikana zaidi na ugonjwa wa fangasi wa ukeni.

Kushona

Upande unaogusa mwili uwe wa pamba laini iliyokwisha fuliwa. Katikati ziwekwe tabaka tatu au nne za flaneli au taulo kuukuu, maana hizo hunyonya vizuri. Nailoni haifai kugusa mwili, kwa kuwa hainyonyi maji na huleta joto. Pembeni zishonwe mbawa mbili zenye vishikizo, ili kitambaa kishikamane na chupi kisihame mtu anapotembea. Inafaa kila mmoja awe na vitambaa sita au zaidi, ili viwili vinapokuwa kambani vingine viwe tayari.

Kutumia

Kitambaa kibadilishwe kila baada ya saa nne hadi sita, au mapema zaidi kikilowa. Kabla ya kukigusa na baada ya hapo, mikono ioshwe kwa sabuni. Mwanafunzi achukue shuleni vitambaa viwili safi, pamoja na kifuko kisichopitisha maji cha kurudishia kilichotumika. Akifika nyumbani akitoe mara moja. Kisilale humo hadi kesho yake. Kitambaa ni cha mtu mmoja. Dada wawili wasiazimane, hata kama ni pacha.

Kufua

Kwanza kiloweshwe kwa maji baridi kwa muda wa nusu saa. Maji ya moto yasitangulie, kwani hugandisha damu katika nyuzi na doa likawa la kudumu. Maji hayo yamwagwe chooni, kisha kitambaa kifuliwe kwa sabuni ya kipande, hata ile ya mafuta ya mawese, na kisuuzwe mpaka maji yatoke meupe. Sabuni ikibaki ndani huwasha ngozi. Dawa kali za kung'arisha nguo huchakaza pamba, na zile za kulainisha nguo hupunguza unyonyaji. Yafaa pia kuwe na beseni maalumu lisilotumika jikoni.

Kukausha na kuweka

Kianikwe juani, penye upepo, mpaka kikauke kabisa hata kwenye mishono. Kikiwa bado baridi kwa kuguswa, hakijakauka. Miezi ya mvua, kama Machi na Aprili, jua huwa la kubahatisha. Hapo kitambaa cha pamba tupu hupigwa pasi ya makaa pande zote mbili hadi kikauke. Lakini vile vya dukani vyenye tabaka lisilopitisha maji visipigwe pasi wala kuchemshwa, ila pale mtengenezaji aliporuhusu, maana tabaka hilo huharibika. Vikisha kauka vitiwe katika mfuko safi na kuwekwa mahali pakavu, kamwe si chooni. Kilichochanika, au kinachonuka hata baada ya kufuliwa, kiachwe.

Msichana akiona muwasho usiokoma, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu makali ya tumbo la chini, au damu ikipita siku saba, aende zahanati bila kungoja. Vivyo hivyo kama kitambaa kinalowa kabisa kila saa kwa saa kadhaa mfululizo.

Wajibu wa nyumba nzima

Yote hayo binti hawezi kuyatimiza peke yake ikiwa ua mzima unamcheka. Mama au shangazi amfundishe kabla siku zake hazijaanza, asije akadhani ni ugonjwa au ni adhabu. Baba anaponunua sabuni ya nyumba, ajue kwamba na kitambaa hicho kimo katika hesabu. Kaka aliyeambiwa mapema ukweli wa maumbile hatakuwa na la kumdhihaki dada yake. Nao majirani wakiafikiana juu ya sehemu ya kamba penye jua, nyuma ya nyumba ikibidi, hakuna atakayelazimika kujificha. Pale haya inapozidi, kanga nyepesi huweza kutandazwa juu ya vitambaa, mradi hewa na joto vipite. Lakini kukauka huchukua muda mrefu zaidi.

Tangu mwaka 2014, tarehe 28 Mei ni siku ya kimataifa ya usafi wa hedhi, nayo huadhimishwa kwa hotuba na mikutano. Katika ua wa Buyenzi maadhimisho huwa ni kamba moja ya nguo. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Mama atakayetangulia kuanika kitambaa chake mchana amewafungulia njia mabinti wote wa ua ule.