Giaboksi ndiyo inayokula faida ya gari la bei poa
Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Tanzania inaruhusu, ila gari dogo lililozidi miaka 10 hulipa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Ushuru ukishalipwa, uchakavu wenyewe unabaki kwa mnunuzi.

Kwa dereva wa teksi Mwanza anayepanda kilima cha Bugando kutwa nzima, pa kwanza kuumia ni giaboksi. Toyota IST nyingi za toleo la 2007 kuendelea ni CVT: ndani kuna mkanda wa chuma, na oili yake ni maalumu. Ukiweka haidroliki ya kawaida, mkanda utateleza na giaboksi itakufa.

Gari likianza kuchelewa kuondoka, mwambie fundi akague oili kwanza. Giaboksi ya mtumba nayo imetoka kwenye gari lililochoka.