Kwetu Hisani, Benki Dhamana

Wiki tatu zilizopita nilipokea barua pepe kutoka shirika la ndege ambalo nimesafiri nalo kwa miaka tisa. Aya ya kwanza ilinipongeza kwa uaminifu wangu. Ya pili ilisema programu ya wateja "imeboreshwa". Ilinibidi nifike aya ya sita ndipo niuone uboreshaji wenyewe: pointi zilizotosha tiketi ya kwenda na kurudi sasa zinatosha kwenda tu, na begi la pili la bure limefutwa. Shirika hilo silitaji, kwa kuwa ugomvi wangu si na kampuni moja.

Mimi ni mtoto wa Kakonko, na programu ya uaminifu niliijua kabla sijaiona ndege kwa karibu. Mama anayeuza maharage sokoni hujaza kisado mpaka kikafanya kilele, kisha humtazama mteja usoni. Akimtambua, huongeza kiganja kimoja juu. Hiyo ndiyo nyongeza. Haina kadi wala masharti ya kurasa arobaini. Mwaka wa mvua mbaya kiganja hupungua, na kila mtu anajua sababu. Lakini sijapata kumwona muuzaji akimfuata mteja hadi nyumbani kwake ili achote kwenye chungu nyongeza ya mwaka juzi.

Mashirika ya ndege hufanya hivyo, na yameanza zamani. American Airlines ilianzisha AAdvantage mwaka 1981 kwa ahadi nyepesi: ruka maili, tunza maili, upate tiketi. Mwaka 1988 ikabadili masharti, na mabadiliko yakagusa hata maili zilizokwisha kuchumwa. Abiria walikwenda mahakamani. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwaruhusu kudai kwa msingi wa mkataba, ila ikawanyima kinga ya sheria za majimbo za kumlinda mlaji. Mwaka 2014 mahakama hiyohiyo ilikataa madai ya rabi mmoja aliyefutiwa uanachama na Northwest kwa hoja kwamba alilalamika mno. Alidai shirika halikumtendea kwa nia njema. Majaji wote tisa wakasema dai la namna hiyo limezuiwa na sheria ya kulegeza udhibiti wa usafiri wa anga.

Huku kwetu, abiria wa Kenya Airways waliotumia Flying Blue waliionja dawa hiyo mwaka 2018. Hesabu ya maili iliacha kufuata umbali ikafuata euro ulizolipa. Anayenunua tiketi ya bei ya chini kwenda mbali akawa si mwaminifu tena. Mwaminifu ni mwenye fedha.

Watetezi wa mtindo huu hutuambia kwamba pointi ni zawadi, na zawadi haidaiwi. Basi na tuwaulize wenye mabenki. Mwaka 2020, ndege zilipolala chini kwa sababu ya UVIKO-19, United iliweka rehani programu yake ya MileagePlus ili ipate mkopo, ikiithamini kwa karibu dola bilioni 22. Mwaka uliofuata American nayo ilikopa dola bilioni 10 kwa dhamana ya AAdvantage. Kitu kilekile, mbele ya abiria ni hisani inayoweza kufutwa kwa barua pepe. Mbele ya mkopeshaji ni mali yenye thamani inayokadiriwa kwa mabilioni. Nani aliyeijaza thamani hiyo kama si sisi tulionunua tiketi ghali kidogo, safari baada ya safari, tukiamini tunaweka akiba?

Tanzania tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza mwenendo wa kupotosha walaji, na tunayo Tume ya Ushindani ya kuisimamia. Sioni kwa nini pointi zisiguswe. Ninachodai ni kidogo: pointi iliyochumwa chini ya kanuni fulani itumike kwa kanuni hiyo, na mabadiliko yatangazwe mwaka mzima kabla, kwenye aya ya kwanza na si ya sita.

Nilikuwa nimekusudia kuishia hapa. Kisha nikaichapisha taarifa ya akaunti yangu ili nione nimepoteza nini hasa, na aibu ikanishika. Safari nilizolipia mwenyewe ni nne. Nyingine zote ni makongamano, utafiti na vikao. Tiketi alinunua mwajiri, ambaye ni chuo cha umma. Yaani nilikuwa nakasirika kwa kuibiwa kitu ambacho kwa sehemu kubwa sikukinunua. Yule mama wa maharage hulipa kodi kila anunuapo sabuni. Yeye akitaka kupanda ndege hana budi kwanza kupanda basi, afike Kigoma au Mwanza, na sijui kama amewahi.

Watumishi wenzangu, msijifanye hamsikii. Mwaka 2002 nchini Ujerumani Gregor Gysi aliacha uwaziri wa uchumi wa jimbo la Berlin, na Cem Özdemir akaachia nafasi yake ya usemaji bungeni, kwa sababu walitumia kwa safari binafsi maili walizozipata kwenye safari za kazi. Hapa kwetu tunazitumia kuwapeleka watoto likizo, tena tunasimulia kantini.

Jumatatu nilikwenda kwa mhasibu wetu. Nikamwomba anieleze utaratibu wa kuzirudisha pointi chuoni, ili zinunue tiketi ya mwanafunzi wa uzamili anayehitaji kwenda kuwasilisha utafiti wake. Alivua miwani, akanitazama kwa muda.

"Daktari," akasema, "nikizipokea, niziingize kasma ipi?"

Nimemwandikia barua rasmi. Nakala ameipata mkaguzi wa ndani.