Gari la Umeme: Manufaa au Majivuno?

Gari la umeme lina washabiki wake na maadui wake. Mmoja asema ndilo mkombozi wetu kutokana na bei ya petroli. Mwingine asema ni mchezo wa matajiri wa Ulaya. Wote wawili wamehukumu kabla ya kuhesabu. Hebu sisi tuhesabu.

Uniti moja ya umeme wa TANESCO kwa mteja wa kawaida wa nyumbani, pamoja na kodi, ni kama shilingi 356. Gari dogo la umeme hutumia kiasi cha uniti 18 kwa kilomita 100, pamoja na zile zipoteazo katika kuchaji. Hizo ni shilingi 6,400. Gari dogo la petroli hula kama lita 7 kwa mwendo huo. Na lita ikiwa shilingi 2,900, jumla ni shilingi 20,300. Tofauti inakaribia shilingi 14,000.

Lakini zingatia: faida yote hiyo imo katika mwendo. Gari lililoegeshwa halimwokolei mtu hata senti. Mtu aliyepata mali ya machimbo, akaagiza gari la umeme la kumpeleka sokoni na kumrudisha, kilomita 10 kwa siku, huokoa shilingi 1,400. Ametoa mamilioni ili aokoe bei ya soda mbili! Hiyo si akiba. Ni israfu iliyovishwa kanzu ya akiba.

Na safari je? Miongoni mwa magari ya umeme ya bei nafuu yatokayo Japani yakiwa yametumika ni Nissan Leaf. Yale ya kwanza yana betri ya uniti 24. Hata yalipokuwa mapya, wapimaji wa Marekani waliyakadiria mwendo wa kilomita 117 tu, na betri yake haipozwi kwa maji, hivyo joto huidhoofisha. Kutoka Shinyanga mpaka Kahama ni kama kilomita 100. Betri iliyochakaa itakulaza njiani. Na umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi huna safari. Basi mnunuzi asitazame rangi na viti. Atazame vistari 12 vya afya ya betri kwenye dashibodi. Kilichozimika hakirudi mpaka anunue betri nyingine.

Wapo watakaosema: “Nikeli ya betri hizo iko kwetu, Kabanga, na mpango ni kuisafishia Kahama, pale ulipokuwa mgodi wa Buzwagi. Gari hili litakosaje kuwa letu?” Tunawajibu: Mgodi Mkubwa wa Geita umetoa dhahabu tangu mwaka 2000. Je, kila nyumba ya Geita ina dhahabu? Kukaa juu ya madini si kumiliki kitengenezwacho kwayo.

Basi ni nani anayestahili chombo hiki? Ni yule azungukaye kutwa kwa riziki yake: kijana wa bajaji na wa bodaboda. Yeye haendi mbali na mji, na kila shilingi ya petroli hutoka katika chakula cha wanawe. Kigali na Nairobi zipo pikipiki za umeme zinazobadilishiwa betri kituoni kwa dakika chache. La ajabu ni kwamba anayefaidika zaidi na chombo hiki ndiye asiye na fedha ya kukinunua, na mwenye fedha ndiye anayekihitaji kidogo.

Ewe uliyeruzukiwa, fedha ya gari moja la fahari yaweza kununua bajaji za vijana kadhaa. Lakini kuna mtego hapa. Tajiri akishaona kijana hanunui tena petroli, atapandisha hesabu ya kila siku, na akiba yote itaingia mfukoni mwake. Kijana atabaki na jasho lile lile, na juu yake hofu ya betri itakapokufa. Hiyo ni dhulma hata kama chombo hakitoi moshi.

Andikianeni mkataba mbele ya mashahidi: hesabu ni kiasi gani, betri ikifa nani atailipa, na chombo kitakuwa cha kijana lini. Asiyekubali kuyaandika hayo asituambie kwamba amewaletea watu maendeleo. Amejiletea mapato tu.